Kompyuta ya duka ikigoma kufungua 'Settings', usikubali ifutwe haraka

NI wiki ya pili ya Novemba mjini Makambako, mkoani Njombe. Mvua za kwanza zimeanza kunukia na wakulima wa mahindi wanaingia mmoja mmoja kwenye maduka ya pembejeo kuulizia bei ya mbegu na mbolea ya kupandia. Kwa mwenye duka, hizi ndizo siku ambazo hesabu ya mwaka mzima huamuliwa.

Katika duka moja hali haikuwa nzuri. Mama mwenye duka alikuwa amenunua printa mpya ili awape wateja wake hati za madai zilizochapwa. Ili printa ifanye kazi, ilibidi aiunganishe na kompyuta yake mpakato, ambayo aliinunua ikiwa imeshatumika. Kila alipobofya alama ya gurudumu lenye meno, yaani programu ya mipangilio ambayo kwenye kompyuta nyingi imeandikwa Settings, dirisha lilitokea likiwa tupu, likakaa kidogo, kisha likapotea. Juu ya hayo, saa ya kompyuta ilikuwa nyuma kwa miaka kadhaa na kurasa nyingi za intaneti zilikuwa zinakataa kufunguka.

Fundi kijana aliitwa. Aliitazama kwa dakika mbili tu.

"Mama, hii Windows imekufa. Tuifute yote niweke mpya. Elfu thelathini, jioni unaichukua."

"Na madeni yangu yaliyomo humo?"

"Hayo yataondoka, labda kama una kopi."

Hakuwa na kopi. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kumbukumbu za misimu mitatu: mkulima gani alichukua mifuko mingapi, nani amemaliza kulipa, nani amelipa nusu na nani bado. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa dukani hapo kufuatilia bei za pembejeo, aliwaomba wote wawili wasifanye lolote kwanza, wakae wapige hesabu.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Duka lina wakulima 60 wanaodaiwa wastani wa shilingi 150,000 kila mmoja. Hizo ni shilingi 9,000,000 zilizo nje. Kumbukumbu zikipotea, na robo tu ya deni hilo ikashindwa kuthibitishwa, hasara ni shilingi 2,250,000. Hiyo ni mara 75 ya malipo ya fundi.

Hasara si ya mwenye duka peke yake. Mkulima aliyelipa nusu ya deni lake mwezi wa saba bila kupewa risiti naye hana pa kushika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo siku hizi limo ndani ya kompyuta.

Kufuta kompyuta nzima kwa sababu programu moja imegoma ni sawa na kung'oa mti wa parachichi ulioutunza miaka mitatu kwa sababu tawi moja limekauka. Mkulima mwenye akili huanza kwa kukagua tawi, hupogolea, hutazama mizizi, na shoka huwa la mwisho. Kwenye kompyuta kanuni ni hiyo hiyo. Anza na hatua isiyo na gharama na inayoweza kurudishwa nyuma, na malizia na ile ghali isiyorudishika.

Mipangilio si kompyuta nzima

Watu wengi wanaamini kwamba Settings ikigoma, basi mfumo wote umekufa. Sivyo. Zamani mipangilio yote ya Windows ilikuwa kwenye sehemu iitwayo Control Panel. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, kampuni ya Microsoft ilianza kuihamishia kwenye programu mpya, na katika Windows 10, iliyotolewa Julai 29, 2015, programu hiyo ikapewa jina la Settings na kuwa mlango mkuu. Lakini nayo ni programu kama nyingine. Inaweza kuugua peke yake huku faili zako, hesabu zako na programu ya mauzo vikiwa salama kabisa.

Sababu za kugoma kwake ni chache na zinajulikana. Umeme unaweza kukatika wakati kompyuta inapokea maboresho, na kazi ikabaki nusu. Faili za mfumo zinaweza kuharibika. Akaunti ya mtumiaji mmoja inaweza kuwa na kasoro. Diski inaweza kuwa imejaa au imechoka. Au kompyuta imeelemewa tu na kazi nyingi kwa wakati mmoja. Kila sababu ina dawa yake.

Kwanza, okoa mali

Kabla ya kugusa kitu kingine, nakili faili zako zote za kazi kwenye flashi. Settings haihitajiki kwa kazi hii. Fungua folda zako kama kawaida, zichague, nakili, bandika.

Angalia jambo moja. Programu nyingi za mauzo na hesabu haziweki kumbukumbu zake kwenye folda ya nyaraka. Huziweka kwenye folda zao wenyewe ndani ya diski. Kwa hiyo ifungue programu hiyo, tafuta sehemu yake ya kutoa nakala ya akiba, na uitumie. Kisha ichomeke flashi kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba faili zinafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa si nakala.

Makambako kazi hii ilichukua dakika 15. Tangu hapo mama alianza kuzungumza kwa sauti ya kawaida.

Pili, iwashe upya kwa njia sahihi

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye duka alisema, "Mwanangu, mbona kila jioni naizima?" Ni kweli aliizima. Ila tangu Windows 8, kompyuta nyingi zimewekewa utaratibu wa kuwaka haraka. Ukichagua Shut down, sehemu ya mfumo haifutwi bali huhifadhiwa kwenye diski, na kesho yake hurudishwa jinsi ilivyokuwa, pamoja na kasoro zake. Ukichagua Restart, mfumo huanza upya kabisa. Kwa hiyo mtu anaweza kuzima kompyuta kila siku kwa miezi mitatu na bado asiwe ameianzisha upya hata mara moja.

Chagua Restart, uiache imalize. Ikionyesha kwamba inashughulikia maboresho, usiikatize hata ikichukua nusu saa. Hakikisha chaji imejaa au waya wa umeme umechomekwa.

Tatu, tazama kama imeelemewa

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha la Task Manager linaloonyesha kila programu inayofanya kazi na kiasi inachotumia. Kama sehemu ya diski inasoma asilimia 100, Settings haijafa, imo kwenye foleni kama lori linalosubiri zamu kwenye mizani. Ngoja foleni ipungue, au funga programu usizozihitaji. Kama jina la Settings lipo kwenye orodha na limeganda, lichague kisha bofya End task. Baada ya hapo bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi I, ambayo ni njia ya mkato ya kuifungua.

Nne, tumia mlango wa nyuma kazi isisimame

Wakati matengenezo yanaendelea, baadhi ya mipangilio inaweza kufanyiwa kazi bila Settings. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo cha kuandikia. Ukiandika control na kubonyeza Enter, Control Panel ya zamani itafunguka. Ukiandika timedate.cpl utapata sehemu ya tarehe na saa. Ukiandika ncpa.cpl utapata miunganisho ya mtandao.

Kwa njia hiyo tulirekebisha tarehe na saa, na mara moja kurasa za intaneti zikaanza kufunguka. Sababu ni kwamba tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoishi miaka ya nyuma hukikataa cheti hicho. Wengi hununua vifurushi vya intaneti bure wakidhani mtandao ni mbovu, kumbe ni saa. Kama saa inarudi nyuma kila umeme unapotolewa, betri ndogo ya ndani imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ile ya mviringo kama sarafu, aina ya CR2032.

Tano, jaribu akaunti nyingine

Mtaalamu wa kilimo akitaka kujua kama tatizo ni mbegu au udongo, hupanda mbegu ile ile kwenye kipande kingine cha shamba. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya jina la Command Prompt kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Run as administrator. Kwenye dirisha jeusi andika:

net user jaribio /add

Kisha toka kwenye akaunti yako, ingia kwa jina la jaribio bila neno la siri, na ujaribu kufungua Settings. Ikifunguka, Windows yako ni nzima na kasoro iko kwenye akaunti yako. Dawa ni kufungua akaunti mpya ya kudumu na kuhamishia faili zako huko. Isipofunguka, kasoro iko kwenye mfumo wenyewe na unaendelea na hatua inayofuata. Ukimaliza, rudi kwenye akaunti yako na uifute ile ya majaribio kwa kuandika net user jaribio /delete.

Sita, tengeneza faili za mfumo

Windows ina dawa yake ya ndani ambayo haigusi faili zako. Kwenye dirisha lile lile jeusi andika mstari huu, ukizingatia nafasi kati ya maneno:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Amri hii inaweza kuhitaji intaneti ili kuchukua vipande vilivyoharibika, kwa hiyo hakikisha una kifurushi cha kutosha. Ikiisha, andika:

sfc /scannow

Hii hukagua faili za mfumo moja baada ya nyingine na kubadilisha zilizoharibika. Kwa kompyuta yenye diski ya zamani inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Usiifunge. Ikimaliza, iwashe upya kwa Restart.

Kwa wenye Windows 11 ipo amri nyingine ya kuirudisha programu ya Settings peke yake katika hali yake ya mwanzo. Hii huandikwa kwenye programu ya PowerShell, nayo ikiwa imefunguliwa kwa Run as administrator:

Get-AppxPackage *immersivecontrolpanel* | Reset-AppxPackage

Makambako, akaunti ya majaribio nayo ilikataa, hivyo tukajua tatizo ni faili za mfumo. Amri ya kwanza ilimaliza salama, ya pili ikaripoti kwamba imekuta faili zilizoharibika na imezitengeneza. Tukaiwasha upya. Mama akabofya gurudumu lenye meno, na safari hii mipangilio ikafunguka yote. Printa ikaunganishwa kabla ya saa nane mchana, na hakuna deni hata moja lililopotea.

Ikishindikana yote

Hata hapo bado kuna hatua mbili kabla ya kufuta kila kitu. Ya kwanza ni kuiweka Windows juu ya Windows. Fundi anachomeka flashi ya usakinishaji ya toleo lile lile wakati kompyuta inawaka, anaendesha faili ya setup, na anachagua kubakiza faili pamoja na programu. Flashi inatakiwa iwe na nafasi ya angalau GB 8, na kuipakua Windows kunahitaji kifurushi kikubwa, hivyo ni heri fundi awe nayo tayari.

Ya pili huitwa Reset this PC. Unaifikia hata kama Settings haifunguki, kwa kushikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Restart, kisha kuingia sehemu ya Troubleshoot. Hapo utaulizwa kama ubakize faili zako au uondoe vyote. Kuwa mwangalifu: hata ukichagua kubakiza faili, programu ulizoweka huondolewa, na kumbukumbu zilizokuwa ndani ya folda za programu hizo zinaweza kwenda nazo. Ndiyo maana nakala ya akiba ilitangulia.

Aidha, baadhi ya kompyuta, hasa mpya, hufunga diski kwa ufunguo wa siri na zinaweza kudai namba 48 ukiingia kwenye matengenezo ya aina hii. Itafute namba hiyo mapema. Kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa Run as administrator, andika manage-bde -protectors -get C: na uinakili kwenye karatasi kama ipo.

Kwa nini fundi hupenda kufuta

Si kwamba mafundi wana nia mbaya. Kijana yule alisema wazi kwamba kufuta na kuweka Windows mpya ni kazi anayoijua mwisho wake, ilhali kutengeneza kunaweza kuchukua nusu siku na pengine kushindikana. Wateja nao wanamharakisha, na malipo ni yale yale.

Kiuchumi, hapa kuna tatizo la motisha. Anayechagua njia si yule atakayebeba hasara ya kumbukumbu kupotea. Suluhisho ni kubadilisha makubaliano. Lipa ada ndogo ya uchunguzi, na malipo ya kazi yawe pembeni. Makambako tulikubaliana shilingi 10,000 za uchunguzi na 20,000 endapo kompyuta itatengemaa bila kupoteza faili. Fundi alipata elfu thelathini zake zile zile, na amri zote aliziandika yeye mwenyewe.

Kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta yako, muulize maswali manne. Umeona kasoro gani hasa? Umejaribu nini kabla ya kufikia kufuta? Faili zangu utazihifadhi wapi, nami nitazionaje kabla hujaanza? Programu yangu ya mauzo utairudisha wewe, au nitafute mtu mwingine? Fundi mzuri hatakasirika.

Kinga kwa msimu ujao

Kompyuta ya mezani itafutiwe kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika chache, ili umeme ukikatika upate muda wa kuizima vizuri. Ile mpakato isiachwe bila chaji wakati wa maboresho. Usijaze diski hadi ukingoni. Iwashe upya kwa Restart angalau mara moja kwa wiki.

Jambo jingine ni umri wa mfumo wenyewe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kompyuta hizo zinaendelea kuwaka na kufanya kazi, lakini bila maboresho ya usalama ziko katika hatari zaidi ya kuingiliwa. Mwenye kuitumia kwa malipo ya intaneti aweke kwenye bajeti yake kuhamia toleo linalohudumiwa, au kununua kompyuta nyingine pale mavuno yatakaporuhusu.

Lililo kubwa kuliko yote ni nakala. Mama wa Makambako sasa ana flashi mbili. Kila Jumamosi jioni ananakili kumbukumbu kwenye mojawapo na kwenda nayo nyumbani, wiki inayofuata anatumia ya pili. Mwisho wa mwezi anachapa orodha ya madeni kwa ile printa mpya, na kila mkulima anayefika dukani anaonyeshwa mstari wake na kutia saini pembeni. Siku kompyuta ile itakapokufa kweli, na ipo siku itakufa, atakachopoteza ni kompyuta tu.